Kwa nini ukumbusho wa Hammarskjöld hauna uso: jibu kwa fundi wa Katuba

Swali: "Mimi ni fundi wa masufuria hapa Katuba, Lubumbashi. Nayeyusha alumini ya mitraye (vyuma chakavu) na kuimimina katika mchanga. Kijana wangu amenionyesha kwenye telefone picha ya kitu kirefu cha bronzi, kiko mbele ya ONU (Umoja wa Mataifa) kule New York, kina tundu huko juu. Wanasema ni ukumbusho wa Hammarskjöld, yule mkubwa wa ONU aliyekufa Ndola akija kwa mambo ya Katanga. Nimeangalia sana, mtu simuoni. Kwa nini hawakuweka uso wake? Kitu cha mita sita wanakimimina namna gani? Na kwa nini kuichafua shaba kwa bati wakati shaba safi ipo? Kijana naye anauliza: kitu kama hicho kikilala nje, wezi hawakibebi?"

Papa fundi, swali la uso nitalifikia. Niruhusu nianze na moto, maana huko nusu ya jibu unayo tayari.

Kitu hicho kinaitwa Single Form. Aliyekitengeneza ni mama wa Kiingereza, Barbara Hepworth, aliyezaliwa Wakefield mwaka 1903 na kuishi sehemu kubwa ya maisha yake St Ives, mji mdogo wa pwani huko Cornwall. Urefu wake ni mita 6.4. Kimesimama juu ya jiwe la granite, katika bwawa la mviringo mbele ya lile ghorofa refu la ONU, na kilizinduliwa tarehe 11 Juni 1964. Gharama ilibebwa na mfuko wa Jacob Blaustein, Mmarekani aliyewahi kuwa mjumbe wa nchi yake huko huko ONU.

Sasa fikiria unavyotoa sufuria. Unachukua sufuria nzima kama kielelezo, unashindilia mchanga nje na ndani, unafungua sanduku, unaitoa polepole usibomoe kingo, unafunga tena. Pale ilipokuwa sufuria panabaki upenyo mwembamba kati ya mchanga wa nje na mchanga wa ndani, na alumini inapita humo. Ule mchanga wa ndani ndio kiini. Ukiusahau unapata donge zito lisilopika kitu.

Sanamu kubwa ya bronzi ni sufuria ya namna hiyo. Ndani ni tupu. Watu wengi wakipita mbele yake wanadhani ni gogo la shaba tangu chini hadi juu, lakini piga hesabu: mita moja ya ujazo ya bronzi ina uzito wa karibu tani 8.8. Kitu cha ukubwa ule kikijazwa kingekuwa mzigo usiobebeka, na tena kingeharibika kabla hakijatoka kwenye kalibu, kwa sababu nje ingeganda wakati ndani bado inachemka, halafu ipasuke. Kwa hiyo ukuta unafanywa mwembamba, katika kazi nyingi za aina hii usiozidi sentimita moja hivi, na nguvu za kusimama zinatoka kwenye umbo lenyewe na fremu inayofichwa ndani.

Wala hakimiminwi mara moja. Hakuna fundi mwenye akili anayejaribu hivyo. Bronzi ikiganda inasinyaa kwa asilimia 1.5 hadi 2. Kwenye kifuniko cha sufuria yako hilo hulioni. Kwenye mita 6.4 ni karibu sentimita 10. Kielelezo kinakatwa vipande, kila kipande kinatengenezewa kalibu yake na kiini chake, kinamiminwa peke yake, kisha vipande vinaunganishwa kwa kuchomelea, na mishono inasuguliwa kwa tupa na patasi mpaka ilingane na uso mwingine. Kazi hii ilifanyika London, katika kiwanda cha Morris Singer. Ukisikia mtu anasifu sanamu za bronzi bila kuwataja wanaosugua mishono, ujue hajawahi kuingia karakana.

Kielelezo chenyewe kilikuwa cha plasta, na hapa Hepworth alikuwa na tabia yake. Yeye alikuwa mchongaji wa mawe na miti. Hakuanza kufanya kazi za bronzi mpaka mwaka 1956, akiwa na zaidi ya miaka 50, na hakupenda ile njia ya kufinyanga udongo laini ambayo wengi huitumia kabla ya kumimina. Alifunga kwanza mifupa ya vyuma na wavu wa alumini, akapaka plasta juu yake tabaka kwa tabaka, ikikauka akaichonga na kuikwangua kwa msasa wa meno makubwa kana kwamba ni jiwe. Ndiyo maana uso wa Single Form hauna ulaini wa kitu kilichofinywa kwa vidole. Una mikwaruzo, una mahali pametulia na mahali pana ukali. Mwambie kijana akuze picha: ataona pia mistari mirefu iliyochimbwa, inayougawa uso katika maeneo makubwa. Watazamaji wote wanakimbilia tundu. Mimi nasema mistari ndiyo inayofanya kitu kile kisionekane kama ubao uliotobolewa.

Ili kupata nafasi ya kutengeneza kitu kikubwa hivyo, mwaka 1961 alinunua ukumbi wa zamani wa dansi, Palais de Danse, ng'ambo ya barabara kutoka karakana yake ya St Ives. Alikuwa na toleo la karibu mita 3 alilolifanya 1961 na 1962. Leo moja la bronzi la kimo hicho liko Battersea Park, London, kando ya maji, mali ya umma, na yeyote anaweza kulikaribia bila kuonyesha kitambulisho kwa askari. Kutoka mita 3 kwenda 6.4 ni kama mara mbili, lakini wewe unajua vizuri kwamba sufuria yenye kimo mara mbili haitaki alumini mara mbili. Eneo la uso wa nje linaongezeka mara nne. Na kosa dogo la umbo, lililokuwa kama ukucha kwenye kielelezo kidogo, linakuwa kama kidole kizima kwenye kikubwa. Huwezi kukuza kwa kutumia rula tu, inabidi kuangalia upya kila mkunjo.

Kuhusu bati: hawakuichafua, Papa. Shaba safi ni tamu kwa nyundo na mbaya kwa kalibu. Inataka digrii 1,085 ndipo iyeyuke, na ikishayeyuka inakunywa gesi. Ikianza kuganda inazitema, na kipande kinabaki na vipovu ndani kama mkate. Tena haipendi kuingia kwenye pembe nyembamba. Tia bati kama sehemu moja kwa tisa za shaba, kiwango cha kuyeyuka kinashuka mpaka karibu 1,000, metali inatiririka vizuri, inashika kila mkwaruzo wa kalibu, na ikipoa inakuwa ngumu kuliko shaba peke yake. Bado ni moto mkubwa kuliko wako wa alumini, ambayo inaridhika na digrii 660.

Shaba safi ina mahali pake. Waangalie mafundi wa hapa mjini wanaogonga picha kwenye bamba la shaba, wanawake wanatwanga, tembo, ramani ya Congo. Wanaipasha moto ilainike, wanaigonga kutoka nyuma, inatii. Ile Sanamu ya Uhuru ya New York, iliyozinduliwa 1886, ni kazi ya namna hiyo hiyo: mabamba ya shaba yenye unene wa milimita 2.4 hivi, yaliyogongwa na kufungwa kwenye mifupa ya chuma. Haikumiminwa hata kidogo.

Utaniuliza: na misalaba ya shaba ya wazee wetu? Ile ilimiminwa, na haikuwa na bati. Ni kweli, na mingine imekutwa makaburini huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, ikiwa na mamia ya miaka. Lakini angalia umbo lake: mikono minne minene, hakuna sehemu nyembamba, na kalibu ilikuwa wazi upande wa juu, kwa hiyo gesi ilipata njia ya kutoka. Wazee walichagua umbo ambalo shaba safi inalikubali. Wangetaka ukuta wa milimita chache wenye mikwaruzo ya msasa, wangetafuta bati, na halikuwa mbali, Manono yenye madini ya bati ipo.

Misalaba hiyo, mitatu, ndiyo iliyochorwa kwenye bendera ya Katanga iliyojitenga chini ya kiongozi wake Tshombe. Basi tumefika kwa Hammarskjöld.

Historia unaijua, lakini kijana huenda hajui, kwa hiyo kwa kifupi. Katanga ilitangaza kujitenga tarehe 11 Julai 1960, siku 11 baada ya uhuru wa Congo. Septemba 1961 askari wa ONU walikuwa wanapigana na wa Katanga hapa hapa Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Dag Hammarskjöld, Mswidi, Katibu Mkuu wa ONU tangu 1953, alipanda ndege Léopoldville (Kinshasa ya leo) ili akutane na Tshombe Ndola, ng'ambo ya mpaka, katika Zambia ya leo, wazungumze kusimamisha vita. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba ndege ilianguka porini karibu na Ndola. Watu wote 16 waliokuwa ndani walikufa. Ubishi juu ya sababu haujafungwa hadi leo, na ONU yenyewe imerudia kuichunguza. Najua pia kwamba katika nyumba nyingi za Lubumbashi jina la ONU la miaka ile linaleta kumbukumbu za mabomu, na mzee anayekataa kumsifu mkubwa wa ONU ana sababu zake. Sanamu haiamui kesi hiyo.

Lakini kwa nini haina uso?

Kwanza, kwa sababu mazungumzo juu yake yalianza mtu akiwa hai. Hammarskjöld alipenda sanaa ya kisasa sana. Alikuwa na kazi ya Hepworth ya mti wa msandali, ya miaka ya 1930, nayo pia inaitwa Single Form. Wawili hao walikuwa marafiki, na walishaongea juu ya kazi ya kuwekwa ONU, juu ya mahali penyewe na maumbo aliyoyapenda. Aliposikia amekufa, Hepworth hakukaa chini kuwaza sura yake, pua yake, miwani yake. Alirudi kwenye umbo ambalo rafiki yake alilijua na kulitaka. Alichonga moja la mti wa mjozi mwaka ule ule wa 1961 na kulipa jina la mwezi wa msiba, Septemba. Kisha lile la mita 3, kisha hili la mita 6.4. Kwa hiyo unachokiona ni kitu ambacho marehemu angekitambua. Picha ya uso wake ingemtambulisha yeye kwetu, lakini Hepworth alikuwa anaongea naye kwanza, na sisi baadaye.

Pili, na hili kwangu ndilo kubwa, Hammarskjöld mwenyewe alishaonyesha anachokitaka. Ndani ya jengo la ONU kuna chumba kidogo cha kutafakari, kilichokamilika 1957, ambacho alikisimamia kwa mkono wake. Watu wa dini zote na wasio na dini waingie humo, wakae kimya. Angeweza kuweka msalaba, sanamu, picha. Aliweka katikati bonge la mawe ya chuma kutoka Uswidi, la tani sita na nusu hivi, limesuguliwa juu, linapigwa na mwali mmoja wa taa kutoka darini. Halina uso, halina maandishi. Katika karatasi aliyoandika kuwaeleza wageni alisema kwamba kwa chuma mtu amefua panga na kwa chuma hicho hicho amefua majembe, ametengeneza vifaru na amejenga nyumba, kwamba metali yenyewe inatukumbusha kuchagua. Mtu wa namna hiyo, aliyeamini kwamba bonge la madini linaweza kusema na Mwislamu na Mkristo na Mbudha kwa mara moja, ungemchongea mtu wa bronzi aliyevaa tai?

Ningeongeza jambo la mahali. Mbele ya jengo lile wanapita wajumbe wa nchi zote. Uso wa Mzungu wa mita sita uliosimama hapo ungesomwa na kila mmoja kwa hesabu zake. Hapa kwetu tumeona nyuso za bronzi zikipandishwa na kushushwa kila utawala unapobadilika. Umbo lisilo na uso ni gumu kulishusha, kwa sababu halimtawali mtu.

Tundu sasa. Hepworth alianza kutoboa mawe mwaka 1932, na tangu hapo hakuacha. Sehemu alizoishi Cornwall zina mawe ya kale yaliyosimama mashambani, na moja maarufu, Mên-an-Tol, lina tundu ambalo mtu mzima anaweza kupita akitambaa. Usitafute fumbo moja la kulieleza tundu. Watu wameliita jicho, mwezi, nafasi ya aliyeondoka, na yote yanaweza kukaa. Mimi nakupa maelezo ya fundi: umbo la Single Form ni bapa, kama ngao, pana upande wa juu na limebanwa chini. Kitu bapa kina shida, ukikitazama kutoka mbele unakimaliza mara moja. Tundu lililowekwa juu, tena si katikati, linakulazimisha utembee. Ukisogea hatua mbili, kilichokuwa anga ndani ya duara kinakuwa ukuta wa vioo. Ukisogea tena duara linakuwa yai, halafu ufa, halafu limefungwa. Na humo ndani ya tundu ndimo unapouona unene, kwa hiyo jicho linaamini kwamba kitu ni kizito ingawa ni kitupu. Picha za telefone zinaua haya yote. Zinapigwa kutoka mbele, jengo nyuma, basi. Mwambie kijana atafute za upande.

Wezi. Kijana ameuliza swali la mtu wa Lubumbashi kweli, sisi tunaoamka asubuhi tukakuta nyaya za umeme zimekwenda. Ile ya New York iko ndani ya uwanja wa ONU, inalindwa saa zote. Lakini dada zake hawakusalimika. Desemba 2011, kazi nyingine ya Hepworth, Two Forms (Divided Circle) ya mwaka 1969, iliyokuwa mali ya umma katika Dulwich Park kusini mwa London, ilikatwa kwenye msingi wake usiku ikachukuliwa. Miaka sita kabla yake, Desemba 2005, sanamu iliyotengenezwa na mchongaji Mwingereza Henry Moore, yenye uzito wa tani 2.1, ilibebwa kwa lori kutoka kwenye uwanja wa mfuko unaotunza kazi zake. Thamani yake kama sanaa ilikuwa kama paundi milioni 3. Polisi waliamini kwamba ilikatwakatwa ikauzwa kama mitraye, kwa bei ya paundi 1,500 hivi. Kwa hiyo hata Ulaya bei ya kilo ya shaba inaweza kuishinda sanaa, na halmashauri zenye sanamu za bronzi kwenye bustani zimelazimika kufikiria kamera na bima.

Rangi ya kijani hukuiuliza lakini najua utaiuliza. Sanamu za bronzi kwa kawaida hupakwa dawa zenye moto karakanani ili zipate rangi anayoitaka mchongaji, kahawia, nyeusi au kijani. Baada ya hapo mvua na hewa vinaendelea na kazi. Kwenye miji yenye moshi wa salfa linaota tabaka la kijani, ndugu wa mbali wa malakiti, lile jiwe la kijani tunalowauzia wageni. Tabaka likiwa limeshika vizuri linailinda metali, usilisugue. Wanaotunza sanamu huziosha kwa maji na sabuni laini, kisha wanapaka nta.

Nahisi kijana anataka kujaribu, na wewe utamwachia. Sawa, anzeni na kitu cha kiganja kimoja, bapa, chenye tundu, lakini msikifanye kama mnavyofanya alumini. Chungu chenu cha chuma hakifai: bronzi ya moto inakila polepole na chuma kinaingia kwenye mchanganyiko, siku moja kitako kinatoboka. Tafuteni chungu cha grafiti. Mchanga mliozoea kuutumia ukiwa na unyevu kidogo, safari hii ukausheni vizuri, maana maji yakikutana na metali ya digrii 1,100 yanakuwa mvuke papo hapo na kuirusha usoni. Na msiyeyushe mabomba na robinet (koki za maji) za zamani mkidhani ni bronzi tu. Nyingi zina zinki, inayotoa moshi mweupe unaoleta homa usiku, na risasi, ambayo ni mbaya zaidi kwa watoto. Fanyeni kazi nje, upepo ukiwa mgongoni, na wadogo wakae mbali na parcelle (kiwanja cha nyumba) siku hiyo.